Kiambishi cha Zaliha

Siku yangu ya kwanza kazini, katika chumba tulichoazimwa na shule moja ya Mahajanga, Mkuu wa Utafiti hakunisalimia. Alinipa karatasi yenye neno moja la Kimalagasi, manoratra, yaani kuandika, akasema kwa Kifaransa, "Livunje."

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Chuo kikuu kilitutuma wanafunzi wawili kukusanya maneno ya kaskazini-magharibi: mimi Saidi, mtoto wa Wangazija wa mtaa wa Tsaramandroso, na Zaliha wa Ambondrona, kisiwani Nosy Be. Nyinyi mnaosoma mofolojia leo mna mashine; sisi tulikuwa na kadi na penseli. Kila neno lilipewa kadi yake, mzizi ukatengwa na viambishi.

Nilikata haraka: man-, halafu oratra.

"Mzizi ni soratra," Mkuu akasema. "S imekwenda wapi?"

Nikalitazama neno upya. Zaliha akajibu akiwa dirishani, "Kiambishi awali kimeimeza, bwana."

Mkuu akatabasamu. Tangu saa ile nikaanza kuhesabu tabasamu alizompa Zaliha na zile alizonipa mimi.

Miezi michache baadaye tulivuka kwa mashua kutoka bandari ya Ankify hadi Nosy Be, tukakaa kwa mama yake. Wanawake wa Ambondrona walinipa mimi maneno kama mtu anayetaja jina lake kwa karani. Zaliha walimpa utani wao, ugomvi wao, na nyimbo za kubembelezea watoto. Kadi zake zikajaa, zangu zikabaki nusu tupu.

Neno lililonishinda ni homehy, kucheka. Niliamini ho- ni kiambishi awali, nikatafuta mzizi mehy kwa wiki tatu. Haukuwepo. Siku moja mama yake aliwakemea majirani wapunguze kelele, akataja hehy, kicheko. Zaliha akamwacha samaki aliyekuwa akimpara.

"Zoky Saidi!" Ndivyo alivyoniita, kaka mkubwa. "Hakiko mbele! Ni -om-, imeingia katikati ya hehy. Na tomany, kulia, ni vilevile."

Kiambishi kati. Nilijua papo hapo kwamba ni kweli, na moyo ukaniuma kana kwamba nimeibiwa.

Ripoti niliiandika mimi, kwa kuwa Kifaransa changu kilikuwa kizuri zaidi. Nikaandika: "Imebainika kuwa..." Sentensi ile haikuwa na uongo. Haikuwa na Zaliha pia.

"Bwana Saidi, hii ni kazi ya mtaalamu," Mkuu akaniambia tuliporudi Mahajanga. Sikumsahihisha. Nafasi ya kwenda kusoma Ufaransa ilikuwa moja tu, na barua ya mapendekezo akaniandikia mimi.

Zaliha aliisoma nakala ya ripoti akiwa amesimama. "Imebainika na nani, zoky?"

"Ripoti za kitaalamu haziandikwi majina," nikasema.

Akairudisha mezani, akaenda zake.

Nilifundisha Antananarivo, kisha Dar es Salaam, nikapanda hadi kuwa mkuu wa idara. Kila mwaka nililichambua homehy ubaoni, na kila mwaka sikumtaja. Zaliha alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nosy Be. Nilisikia wanafunzi wake wanampenda, na hilo pia liliniuma, kwa kuwa wangu waliniogopa.

Nilipostaafu nikaenda kumwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nililia sana, zoky," akasema. "Halafu shule ikafunguliwa, watoto wakawa wananingoja."

Akaingia ndani, akatoka na daftari nene: kamusi ya maneno ya Nosy Be, yote kwa mwandiko wake. "Nikagulie. Wewe ndiye profesa."

Nilikaa barazani kwake tangu asubuhi hadi alasiri. Nilipaswa kumsaidia, nilichofanya ni kumtafutia kosa. Mizizi ilikuwa imetengwa vizuri kuliko nilivyowahi kuitenga mimi, na kila neno lilikuwa na jina la mwanamke aliyelitamka. Karibu na mwisho nikaona kiambishi kimoja kimewekwa mahali pasipo pake. Mzee mzima, niliyekuja kuomba radhi, nikafurahi.

Nikamwonyesha. Zaliha akavaa miwani, akainama juu ya ukurasa.

"Kweli, zoky. Asante."

Akachukua penseli, akasahihisha.