Chuma cha Simu Kule Ruponda

Anayetaka kucheka acheke sasa, maana haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa utosini, na sikuwa nimeonja hata funda moja la pombe. Ni miaka ile mradi wa karanga ulipoiletea Nachingwea matrekta, reli na watu wa kila kabila. Shule niliiacha mapema. Nilikuwa nazurura, leo Mbwemkuru, kesho Ruangwa, nikishika kazi yoyote yenye jambo la kujifunza. Ndivyo nilivyoangukia mikononi mwa Fundi Anafi, Mmakua mmoja aliyetengeneza simu, nikawa mbeba ngazi wake.

Nilimsumbua kwa maswali. Waya ukifika nyumbani kwa mtu, unaishia wapi? Akanionyesha: unashuka kutoka kwenye nguzo, unaingia kwenye kisanduku cha ukutani chenye fyuzi, na hapo ndipo simu ya ndani inapounganishwa.

"Na huu mwingine?" nikauliza. Waya wa pili ulishuka ukutani hadi kwenye nondo iliyopigiliwa ardhini.

"Huku kwetu juu kuna waya mmoja tu," akasema. "Njia ya kurudi ni udongo. Ukikauka, simu inakuwa bubu. Kwa hiyo mwenye nyumba anapamwagilia maji hapa penye nondo kila siku, kama mchicha."

Siku moja tuliitwa Ruponda, kwa Bwana Mussa, karani wa ghala. Mkewe, Bi Somoe, alikuwa na mimba pevu. Watoto wawili wa kwanza aliwazika kwa sababu msaada ulichelewa kufika. Simu hiyo ndiyo ingeita gari la wagonjwa safari hii, nayo ilikuwa inakoroma tu.

Fundi akachomoa waya wa nguzo kwenye kisanduku, akaenda kukagua nguzo za barabarani. Nikabaki ndani. Simu ikalia.

Niamini: waya wa nguzo nilikuwa nauona kwa macho yangu, unaning'inia nje ya dirisha, haujagusa kitu. Nikainua mkonga. Sauti ya kikongwe ikasema kwa Kimwera, ambacho nakijua kidogo: "Mjukuu wangu, nasikia baridi."

Waya uliobaki kwenye simu ulikuwa ule wa ardhini tu, nikatoka mbio kuufuata hadi nyuma ya nyumba. Bibi alikuwa ameketi pale pale penye nondo, kwenye tope, kaniki imemganda mwilini kwa maji.

"Shikamoo, bibi. Umetoka wapi?"

"Nimetoka wapi? Mimi nipo hapa tangu hapa pakiwa pori. Nyie ndio mmetoka wapi?" Akageuka. Katikati ya mabega palikuwa na tundu, jekundu kwa kutu. "Kila asubuhi mnanimwagia maji. Nitoleeni chuma hiki."

Nikapepesa macho, nikaona tope tupu. Wewe ungefanya nini? Mimi nilipiga kelele.

Fundi akaja, akasikiliza, akaangua kicheko. "Njaa hiyo, bwana! Jana nilikwambia umalize muhogo." Kisha akamgeukia Bi Somoe, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo. "Usimsikilize, mama. Nikiing'oa nondo leo sina waya wa kufika mahali pengine. Utalala bila simu, na tumbo hilo."

Bi Somoe akaiweka ndoo chini. "Maji hayo nayamwaga mimi, kwa mkono wangu. Ng'oeni."

"Mama, fikiri kwanza..."

"Nimezika wawili, fundi. Ningejua mtu anawamwagia wanangu maji ya baridi kila asubuhi, ningemfanya nini? Ng'oa."

Tukaing'oa. Ncha ilitoka na kipande cha kaniki kilichooza. Fundi hakucheka tena. Tulifukia shimo, Bi Somoe akaweka unga kidogo wa tambiko juu yake. Nondo tukaifunga kwenye baiskeli, tukaondoka nayo.

Jua lilipokuwa linazama, uchungu ukamshika Bi Somoe. Bwana Mussa akamwacha mkewe kwa jirani, akarukia baiskeli kwenda Nachingwea. Hakufika mbali, alikutana na gari la wagonjwa linakuja. Dereva akamwambia kwamba kituo cha simu kimepigiwa kutoka nyumba ya karani, Ruponda. Ni bibi mmoja, anasema Kimwera kitupu: njooni upesi, mjukuu wangu anajifungua.

Kwa waya upi? Nondo tulikuwa nayo sisi, na ule wa nguzo ulikuwa bado unaning'inia.

Mtoto wa kike alizaliwa hai, na mama yake akapona. Lakini Bi Somoe hakukubali tena simu iwekwe katika nyumba ile. Na mimi? Sikio langu la kulia, nililomsikilizia yule bibi, hutoa maji ya baridi kila asubuhi mpaka leo. Waganga wa misheni wamelichungulia mpaka wamechoka. Wanasema ni zima.

Kwa hiyo wewe unayejenga, kabla hujapigilia chuma ardhini, watafute wenyeji uwaulize nani amezikwa pale. Waulize hata kama nyasi zimeota na trekta limekwisha pita. Mimi niliyeuliza kila kitu, hilo sikuuliza, na kila nikiamka mto wangu umelowa upande mmoja.