Mjinga Aliyesahau Ndama

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Ngarenaro Mwingereza akitawala, kichekesho hakikuwa kitu cha kutazama umejilaza kitandani. Kilipimwa kwanza! Sinema ilikuja Jumamosi alasiri, ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, joto, harufu ya mafuta ya nazi na ya moshi wa kuni, sisi wasichana tumebanana nyuma na mama zetu. Mbele, kwenye benchi, walikaa wazee watatu. Picha ikiisha, karani wa sinema aliwauliza wao tu: "Wazee, tuilete tena au tusiilete?"

Mkali wao alikuwa Mzee Lembris, mfugaji wa Oldonyo Sambu. Filamu ya kufundisha wakulima kuchimba matuta aliipitisha. Ya kuogesha ng'ombe aliipitisha mpaka fimbo akainua. Lakini za kuchekesha, thubutu! "Mtu mzima akianguka huinuliwa," alisema. "Hachekwi." Mbili zikaenda na maji. Karani akatangaza kwamba ya tatu ikikataliwa, haleti tena vichekesho, tutabaki na matuta.

Roho iliniuma, na nitawaambia kwa nini. Mama alikuwa amemzika mdogo wangu, na tangu siku hiyo nyumba yetu ilipooza. Alipika, alifua, aliitikia shikamoo, basi. Kicheko chake nilikisikia mara moja tu, kwenye kile kichekesho cha kwanza, kifupi kama chafya. Nilikitaka tena, jamani.

Siku ya picha ya tatu nilitazama kisogo cha Mzee Lembris zaidi kuliko nilivyotazama sinema. Kwenye shuka jeupe la ukutani akatokea mjinga mmoja, suruali fupi, ndoo mkononi, anakwenda kukamua. Akateleza; kimya. Akajigonga mlangoni, Mzee akakohoa. Nikajua yamekwisha. Kisha mjinga akachuchumaa, akashika chuchu za ng'ombe, akaanza kuvuta, na ndama kafungwa uani nyuma yake! Kwetu hata mtoto anajua ng'ombe hashushi maziwa mpaka ndama aanze kunyonya.

Mzee Lembris akasimama. "Ndama! Mlete ndama kwanza, wewe!"

Mjinga anavuta tu.

"Yuko nyuma yako!"

Ng'ombe akarusha teke, ndoo ikamvaa mjinga kichwani, na Mzee wetu akacheka mpaka akajitupa kuketi. Akalikosa benchi, puu, chini! Wote tukaziba midomo. Nani amcheke mzee? Naye pale sakafuni, anafuta machozi kwa shuka lake, akasema, "Chekeni tu. Leo ruhusa."

Hapo nyuma yangu kikapasuka kicheko. Mama! Kashika mbavu, khanga imemdondoka begani, akacheka hadi akalia, akalia hadi akacheka tena. Mimi nilipiga makofi peke yangu kama mwehu.

Karani akauliza swali lake. "Mrudishe Jumamosi ijayo," Mzee akaamua. "Tuone kama amejifunza." Hakuwa anatania.

Siku hizi wajukuu zangu huchekea simu, kila mmoja na yake, kwenye kona yake. Mtu hata hajaanguka, wameshatoa hukumu kwa kidole: "Haichekeshi, bibi." Haya, wasomi. Sisi kesi yetu tulishinda. Msimu mzima Mzee Lembris aliteremka kutoka Oldonyo Sambu kumfundisha yule mjinga, na yule mjinga, Mungu ambariki, hakujifunza hata siku moja, na mama yangu akacheka kila Jumamosi.