Daftari la Mwalimu wa Mwaka wa Kwanza

Mwalimu wa mwaka wa kwanza katika shule yetu ya Bwiza alikuwa mama wa makamo kutoka Uvira, mwenye sauti nzito iliyopenya ukuta hadi darasani kwangu, mwaka wa nne. Yeye ndiye aliyemwomba direkta, mkuu wa shule, saa moja kila Alhamisi, watoto wakishaondoka, ili sisi walimu tusomeane yale ambayo watafiti wameandika kuhusu kufundisha. Alikuwa akija na makala za Kifaransa alizotoa fotokopi, anatueleza kwa Kiswahili na Kirundi vilivyochanganyika, kama tunavyosema wote hapa.

Mwanzoni tulijaa. Baada ya mwezi tulibaki watano, na mimi nilibaki kwa sababu direkta alikuwa akiangalia.

Alhamisi moja hakuleta makala, alileta daftari lake. Kumbe kwa majuma mengi, wakati wa mapumziko, alikuwa akiwaita mmoja mmoja wale watoto tuliowaita wazito wa kuelewa. Anamsomea mtoto hadithi fupi kwa Kirundi, kisha nyingine kwa Kiswahili, anamuuliza ameelewa nini, anaandika jibu neno kwa neno. Akatusomea majibu ya msichana wa darasa langu, ambaye nilikuwa nimemfanya arudie mwaka mara mbili. Kwa Kirundi alikuwa amesema maneno matatu. Kwa Kiswahili, lugha ya nyumbani kwao, alikuwa amejaza ukurasa.

"Huyu mutoto hayuko muzito," alisema. "Ni sisi hatumusikii."

Nilihisi kila mtu ananitazama mimi.

"Dada, hapa si inivasite, ni shule ya musingi," nikasema. "Mi niko na watoto makumi munane. We unataka nikae na kila mumoja tupige hadithi?"

Wenzangu wakacheka. Akalifunga daftari taratibu.

"Apana, mudogo yangu. Nilitaka tu ujue."

Baada ya likizo ya Pasaka sauti yake ilianza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi la chaki. Hospitalini wakakuta uvimbe kooni, na kabla ya mitihani alikuwa hawezi tena hata kunong'ona. Upande wa pili wa ukuta nikaanza kusikia mwalimu mwingine.

Alirudi mara moja tu, Alhamisi, shingo imefungwa kitambaa. Siku hiyo walimu wote walikuja. Akaniwekea daftari mezani, na juu yake kikaratasi alichoandika: "Nisomee." Sijui kwa nini alinichagua mimi. Nilisoma majibu ya mtoto mmoja baada ya mwingine. Nilipofika ukurasa wa yule msichana, nikataka kuuruka. Akagonga meza kwa kidole, mara mbili, nikaendelea hadi mwisho.

Mlangoni nilimwomba msamaha. Akachukua kalamu yangu, akaandika kwenye kiganja chake, akanionyesha: "Usiniombe mimi."

Nilielewa, lakini nilichelewa. Msichana alikuwa ameacha kuja shuleni majuma matatu nyuma, na nilijiambia kwamba nitamtafuta mitihani ikiisha. Mwenzetu alifariki kabla shule hazijafunguliwa tena, akazikwa kwao Uvira. Baada ya mazishi ndipo nilipokwenda nyumbani kwa kina yule msichana. Mama yake alikuwa uani akichambua mchele.

"Alisema hajui kitu, Mwalimu, shule imemushinda," alisema. "Tukamutuma Kigoma kwa shangazi yake. Anamusaidia kuuza nguo."

"Alikuwa anajua, mama. Mimi ndiye sikujua."

Aliendelea kuchambua mchele. Nilikuwa na lile daftari mkononi, aliloniachia mwenzetu siku ile. Nikamsomea ule ukurasa, maneno ya binti yake kama alivyoyasema. Akaacha kuchambua.

"Ni yeye kabisa," alisema. "Ndivyo anasemaka."

Akajifuta macho kwa pembe ya kitenge, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nilisema bado. Akaingia ndani kuiteleka, nami nikabaki uani, sijui niweke wapi mikono yangu.