Pumzi ya Moto Shingoni

Jamani, mwenzenu nimeumbuka. Mimi ni mwalimu wa darasa la ubatizo hapa Morotonga. Jumamosi alfajiri niliwapeleka wanafunzi wangu mwambani kuomba, nikawaambia asiyeguswa na Bwana bado hajakomaa kiimani. Tukafumba macho. Ukungu ulikuwa umetanda, kengele za ng'ombe zikilia kwa mbali, nami nikawa kama naelea.

Mara pumzi ya moto ikanipuliza shingoni. Kitu chenye majimaji kikanipapasa sikio. Machozi yakanitoka, nikapaza sauti:

"Nipo, Bwana! Nitume popote!"

Kisha Mama Bhoke, mwanafunzi wangu mzee kuliko wote, akasema taratibu:

"Samahani, mwalimu. Huyo ni ng'ombe wangu. Anapenda chumvi ya jasho."

Nikafumbua macho. Ng'ombe alikuwa ananitazama, kama anayefikiria anitume wapi.