Ulimi wa Wifi

Aliitwa Mama Sosi kwa sababu hotelini kazi yake ilikuwa sosi, na kwake hakuna aliyekula chakula kikavu. Kila alichojifunza kwa wapishi wa kigeni waliopita pale alikihamishia nyumbani: tambi za Kiitaliano na nyanya zilizochemka mpaka zikakata tamaa, dengu za Kihindi, maharage ya Kimeksiko yanayomtoa mtu jasho, na supu ya vitunguu ya Kifaransa, ambayo nyumba nzima iliipenda kuliko vyote. Wifi yake, dada wa mumewe aliyeishi nao, alizoea kusema kwamba yeye amezunguka dunia bila pasi, na mizigo yote ameileta kiunoni.

Kisha mafua makali yakamlaza Mama Sosi. Alipoinuka, pua na ulimi vilikuwa vimekufa ganzi. Alitafuna limau bila kukunja uso. Alisubiri asikitike, lakini hata huzuni yenyewe ilikuwa kama haina chumvi.

Hotelini walishaanza kunong'ona kwa nini harudi kazini. Jumapili moja mpishi mkuu, waliyembatiza Kofia kwa ile kofia yake ndefu kama bomba la moshi, alituma salamu kwamba anakuja kumjulia hali, na kwamba akikuta supu ya vitunguu hatalalamika. Mama Sosi alielewa. Supu ikitoka vizuri, kesho yake anarudi kwenye sosi zake. Ikiharibika, nafasi hiyo ina mtu mwingine.

Alikaanga vitunguu kwa moto mdogo, bila pupa, mpaka vikawa na rangi ya mbao kuukuu. Mpaka hapo macho yalimtosha. Chumvi ndiyo iliyotaka ulimi.

"Wifi, njoo uonje."

"Leo umenikumbuka? Siku zote ukiniona na kijiko unanifukuza kama paka."

"Onja, mdomo huo nao ufanye kazi ya maana."

Wifi alionja, akafumba macho. "Bado kidogo." Akaonja tena. "Kidogo tena, usiwe bahili." Akaonja zaidi ya ilivyohitajika, kisha akafunika sufuria kwa mkono wake mwenyewe. "Sasa usiguse. Ukigusa tunagombana."

Kofia alifika bila kofia, akaonekana mfupi. Alienda moja kwa moja jikoni, akadondoshea supu nyuma ya kiganja kama wanavyofanya kazini, akalamba.

"Chumvi imezidi, mama."

Mama Sosi alichukua birika, akamimina maji ya moto ndani ya sufuria. "Samahani, mpishi."

"Imezidi wapi?" wifi aliruka. "Nimeionja kwa ulimi wangu huu!"

Kofia alitazama sufuria, kisha akamtazama Mama Sosi.

"Haikuzidi," alisema taratibu. "Ilikuwa sawasawa. Miaka yote hii nikikugusia chumvi unaniwakia mbele ya jiko zima. Juzi juzi tu, kabla hujaugua, ulinifukuza na mwiko. Leo umesema samahani."

Wifi aliushika mdomo wake, lakini maneno yalikwisha kumtoka.

"Tangu lini?" Kofia aliuliza.

"Tangu mafua."

"Husikii kitu?"

"Nasikia moto. Ladha, hapana."

Kofia alivuta kiti, akakaa, akasugua magoti. "Kwenye sosi siwezi kukuweka. Kesho njoo upande wa mboga. Utakata."

"Sawa."

"Sawa?" Wifi alikuwa analia sasa, machozi na kamasi pamoja. "Wewe! Unaondolewa kwenye kazi yako, unasema sawa? Mtukane basi! Nitukane hata mimi!"

Mama Sosi alitafuta hasira ndani yake, hakuiona. Alipakua supu ile ya majimaji kwenye mabakuli, akampa kila mtu lake, akakaa nao. Kofia alikula yote kwa adabu.

"Visu vya upande wa mboga ni butu," Mama Sosi alisema. "Nitakuja na changu."

"Njoo nacho," alisema Kofia.