Kidole cha Keji Kwenye Cheti Changu

Admin, nifiche jina tafadhali, maana Juba ni ndogo na walimu wa kompyuta tunahesabika. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane, Mkenya, naishi mtaa wa Munuki na nafundisha chuo kikuu kimoja hapa. Haya naandika nikiwa nimesimama. Wiki nzima kiti hakinikubali. Hata kanisani nilitoka mahubiri yakiendelea, nikazunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Idara yetu ilipata tuzo. Tena si ya kuokota, tulishindana na vyuo vya nchi jirani. Ni programu ya simu inayowaambia wakulima wa Rejaf kwa sauti kwamba mto unajaa, wahamishe vitu mapema. Cheti kina jina moja la mbunifu, nalo ni langu. Na mimi sikuitengeneza.

Aliitengeneza mwanafunzi wangu, nimwite Keji, msichana aliyelelewa Kenya akarudi kwao. Hata ile sauti ni ya bibi yake, mkulima wa huko huko Rejaf. Sasa kompyuta za maabara yetu hazifunguki bila jina la mwalimu, kwa hiyo nilimpa langu, kama tunavyowapa wote. Kila alichoandika kwa miezi minane, mashine ilikirekodi kuwa changu. Mkuu wa idara alipojaza fomu ya tuzo alitazama rekodi hiyo, akaandika jina langu, akaniletea nisaini. Niliona, jamani. Nikasaini. Nilijiambia nitarekebisha baadaye, lakini moyoni nilifurahi, kwa sababu miaka tisa nafundisha na hakuna aliyewahi kunipigia makofi.

Siku ya tuzo Keji naye alipiga makofi, safu ya nyuma kabisa. Wiki iliyopita ndipo aliponijia ofisini.

"Madam, mi sitaki kelele," aliniambia. "Nataka tu barua useme ile kazi ni yangu. Nimeomba kuendelea na masomo ng'ambo, na wanaitaka kufikia Ijumaa ya wiki ijayo."

Nilimwendea mkuu. Akacheka, kisha akafunga mlango, akaniambia kwa Kiswahili chake cha Juba: "Ustaza, wewe ilisaini mwenyewe. Ukiandika hiyo barua, tuzo itarudishwa na sisi wote itaitwa wezi. Kalas, wachana nayo." Si mtu mbaya. Idara hii ameijenga kuanzia chumba kimoja kisicho na umeme, na mimi ndiye niliyemtia aibuni.

Juzi Keji alimleta bibi yake aone tuzo yenye sauti yake. Bibi hajui kusoma. Alisimama mbele ya cheti ukutani, akauliza kwa Kiarabu cha Juba jina la mjukuu wake liko wapi. Nilikuwa pale pale. Keji hakunitazama. Aliweka kidole juu ya jina langu, akasema, "Ni hili, haboba."

Yule bibi akaligusa taratibu. Halafu akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumfundisha mtoto wake.

Leo ni Jumatano. Barua nimeiandika mara nne, nikaifuta mara nne. Ndugu zangu, hata mkinitukana nitapokea, ila nijibuni kabla ya Ijumaa: niitume na kuivunja idara, au niache jina langu liendelee kusomwa kama la Keji?