Risiti Iliyotoka Kabla Ujumbe Haujasomwa

Siku yangu ya kwanza kazini, Meneja wa Kompyuta wa kiwanda chetu cha chakula cha mifugo, pale Thika, alinionyesha kiti kilicholegea mguu. "Keti polepole, madam," akaniambia. "Hapa hata kompyuta zinaenda polepole." Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuoni na Java, lugha mpya ya kuandikia programu, kichwani, na kiburi si haba.

Kazi ilikuwa hii: maabara ya Thika ikishapima mahindi, programu yake iiambie programu ya ghala la Ruiru magunia yapi yatoke na yapi yazuiliwe. Ilibidi tuchague njia ya kubeba ujumbe huo. Kuita moja kwa moja kulikuwa kama kupiga simu: Ruiru isipojibu, Thika inasimama ikingoja, na mvua ikinyesha laini ilikatika. Barua pepe ilifika ikitaka, na ya leo ingeweza kuipita ya jana. Nikapendekeza foleni ya ujumbe. Thika inaandika, foleni inahifadhi kwenye diski, kila upande unaendelea na shughuli zake, na ujumbe haufutwi mpaka Ruiru itume risiti, yaani jibu kwamba umefika.

"Na hiyo risiti inatoka wapi?" Meneja akauliza.

"Programu inaituma yenyewe, sir."

"Sawa basi. Usiniletee aibu tu."

Nilipanga risiti itoke mara ujumbe unapoingia, kabla haujachapishwa kwenye karatasi ya karani wa ghala. Mfumo ulikwenda kasi zaidi hivyo, na mimi nilipenda kusifiwa.

Asubuhi moja maabara iligundua ukungu wenye sumu kwenye mahindi, ikatuma agizo la kuzuia. Ujumbe ulipoingia tu Ruiru, stima ikapotea. Huku Thika tuliona neno "umepokelewa", na foleni ikaufuta. Bila agizo hilo, magunia yakapakiwa na kuuzwa. Muda si mrefu wafugaji wa Gatuanyaga wakaanza kuzika ng'ombe.

Aliyelaumiwa ni Halima, karani wa ghala, mama wa watoto watatu aliyeishi Kiganjo, hapo Thika, na aliyenikaribisha chai kila nilipokwenda Ruiru. Risiti ilionyesha kwamba kompyuta yake ilikuwa imepokea agizo.

"Mimi sikuona kitu, wallahi," alimwambia Meneja Mkuu. "Hiyo karatasi haikutoka."

Akafutwa kazi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na faili kifuani. Siku hiyo hiyo niliisoma programu yangu, nikauona mstari wenye kosa. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na niliogopa. Nilinyamaza wiki tatu.

Mwishowe niliweka kompyuta mbili kwenye meza moja, nikamwita Meneja wa Kompyuta. Nikatuma ujumbe kutoka ya kwanza, nikachomoa waya wa stima wa ile ya pili. Ya kwanza ikaandika "umepokelewa". Ya pili, tulipoiwasha tena, haikuwa na chochote.

"Ngai, Mungu wangu!" Meneja akasema. "Kwani huyo mama alikuwa anasema ukweli?"

"Ndiyo, sir. Kosa ni langu."

"Chukua hiyo faili. Twende kwa mkubwa."

Mimi nilipewa barua ya onyo, Halima akarudishwa kazini. Niliuhamisha ule mstari, risiti ikawa inatoka baada ya karani kubonyeza kwamba amesoma. Kazi yenyewe haikuchukua hata saa moja.

Sasa nimestaafu mapema. Vijana huniuliza wachague njia gani ya kubeba ujumbe, nami huwaambia waulize kwanza ni nani atalaumiwa ukipotea. Wananiitikia kwa heshima na kuandika. Lakini huwa siwaelezi habari za siku aliyorudi Halima. Nilimfuata ghalani nikamweleza yote, naye akasikiliza huku akipanga karatasi zake.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ile ile uliyofutwa."

"Haya," akasema.

Tulifanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na hakuwahi kunikaribisha chai tena.